Siku Mukwe Alitaja Jina

Charleroi, tarehe 12 Oktoba 1986

Mama yangu Émérence,

Tulifika salama. Nilitaka kuandika siku ile ile, lakini vidole vilikataa. Usicheke. Wewe ulizaliwa kule juu Marungu, baridi unaijua. Mimi ni mutoto wa Kalemie, nimekulia jua ya ziwa, na hapa wananiambia eti baridi haijaanza. Madame Ghislaine, mwenye nyumba, anatembea mikono wazi na kusema leo ni siku nzuri. Nikamuangalia tu.

Tunakaa gorofa ya juu kabisa, chumba kimoja na kajikoni. Ukutani kuna radiatere, njo chuma chenye maji ya moto ndani yake. Madame anakifungulia asubuhi na jioni. Mchana kinapoa, na sisi tunapoa nacho. Anatole anaondoka Jumatatu mapema na treni kwenda ku ateliye, karakana ya reli iliyo mbali, analala kule na wenzake wa staji, yale mafunzo ya kazi, anarudi Jumamosi. Siku zingine zote ni mimi na Claire, tunaangaliana. Juzi aliniuliza kama jua tuliiacha kwa Koko wake, njo wewe bibi yake. Nikamwambia ndiyo, Koko anatulindia.

Mama, sitakuficha. Mutoto amekwisha anza kukohoa, na staji inaisha mwezi wa sita. Unajua yule wangu wa kwanza aliondoka na kifua, na ilikuwa Kalemie, kwenye joto. Huyu ana miaka mitatu tu. Kila akikohoa mimi nakaa kitandani. Wewe ulilea watoto sita, na wawili kati yao kule mulimani kwenye baridi. Niambie vile nitafanya.

Barua uziandikie anwani ya ateliye, kwa sababu hapa nyumbani sanduku la posta ni la Madame na mukwe wake, zinapotea. Anatole ataniletea Jumamosi. Usiogope, hawezi kufungua maandiko ya mukwe wake. Anazishika kwa ncha za vidole sawa muntu anabeba yai.

Musalimie Papa Édouard akirudi toka Kabalo.

Binti yako,
Bertille


Kalemie, tarehe 2 Novemba 1986

Bertille mwanangu,

Barua yako ilifika na ndege ya juzi. Niliisoma mara moja, nikaisomea wamama wenzangu wa soko ya samaki wa ndakala, na wote wakasema: pole kwa Bertille, lakini ana bahati ana mama wa Marungu. Sikiliza sasa. Asiyesikia la mukubwa huvunjika guu.

Kwanza, usimwogeshe mutoto asubuhi. Ngoja mchana, na maji yawe ya moto, na umupake mafuta ya mbegu za ngazi za mchikichi toka utosi mpaka unyayo, hasa kifuani na mgongoni. Nilikufungia chupa mbili kwenye sanduku, chini ya vitenge. Kama ulizigawa kwa marafiki wa Lubumbashi, mimi sina neno, Mungu anakuona.

Pili, umubebe mgongoni. Najua ana miaka mitatu, ana miguu. Umubebe. Joto ya mgongo wa mama hakuna duka inauzisha. Na hao wazungu wakikuangalia, na wewe uwaangalie.

Tatu, uji wa moto asubuhi na jioni, utie tangawizi. Usimupe kitu chochote cha ile friji yao. Na usimutoe nje! Upepo wa baridi unaingilia masikioni na kushuka kifuani, njo vile ulimwingia yule wa kwanza, mimi nilisema na hamukunisikia.

Nne, njo kubwa. Hicho chuma cha Madame ni mchezo. Kule kwetu Marungu, mwezi wa saba, majani yakiwa meupe asubuhi, tulikuwa tunaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba. Utafute mbabula, watu wa kule lazima wana kitu cha kuchomea makaa, hata kwa nyama. Washa nje mpaka moshi uishe, makaa yawe mekundu, halafu ingiza ndani. Funga mulango. Chana kitenge cha zamani uzibe matundu yote ya dirisha, joto isikimbie. Mulale. Asubuhi mutaamka na jasho. Wewe mwenyewe nilikulea hivyo miezi mitatu kwa bibi yako, na angalia ulivyo mukubwa.

Mwenye kwako anafanya vizuri kuheshimu barua zangu. Simutaji jina, unajua, lakini mufikishie salamu yangu kwa mudomo wako. Mwambie alete makaa makavu, si yale yenye kulia.

Ninaomba rozari kwa ajili ya kifua cha Claire kila siku.

Mama yako,
Émérence


Charleroi, tarehe 30 Novemba 1986

Mama,

Barua yako ilinifikia, Anatole aliileta kwenye mfuko wa ndani wa koti, na nikalia kwanza ndipo nikacheka. Mafuta sikuyagawa! Lakini hapa yanaganda chupani yanakuwa jiwe, lazima niyaweke juu ya radiatere kabla ya kumupaka mutoto. Chumba kizima kinanuka sawa jikoni kwako. Claire anapenda.

Kubeba mgongoni ndiyo. Jana kwenye duka bibi mumoja alinizunguka mara nzima kutafuta kamba iko wapi. Nilipomuonyesha kwamba ni kitenge tu, hakuna kamba, alipiga makofi.

Kikohozi hakijaisha. Usiku ni kibaya zaidi. Theluji ilianguka wiki iliyopita, nyeupe kila pahali, na Claire analia anataka kushuka kuicheza. Nimemukatalia vile ulisema. Hatujatoka siku nyingi sasa, isipokuwa duka.

Na mbabula tumepata! Anatole alitafuta Jumamosi mbili. Ni ya kuchomea nyama, ya miguu mitatu, tulinunua kwa Mwarabu wa kona pamoja na mfuko wa makaa. Tumeijaribu leo mulango ukiwa wazi, kwa sababu Anatole alikuwa anavuta sigara ku ngazi. Mama, kumbe joto ni kitu kitamu! Claire alivua soksi mwenyewe. Ila sijaziba dirisha, vitambaa havikutosha. Madame ameniahidi mashuka ya zamani. Akileta wiki hii, nitayachana na kuziba vizuri, halafu tutalala mchana na joto yetu, mimi na binti yangu, sawa tuko mulimani kwa bibi.

Mama, kwa mara ya kwanza tangu tulifika, siogopi.

Bertille


Telegramu

Kwa Anatole, mwana-staji, ateliye ya reli, pande za Charleroi
Toka Kalemie kupitia Lubumbashi, tarehe 2 Desemba 1986

ANATOLE MBABULA NDANI YA NYUMBA NI KIFO STOP FUNGUA DIRISHA STOP NI MIMI MUKWE WAKO NASEMA STOP ÉMÉRENCE


Kalemie, tarehe 3 Desemba 1986

Anatole,

Ukipata barua hii, telegramu itakuwa imetangulia, kama Mungu yuko. Tangu ulioa kwetu sijawahi kutaja jina lako, na wewe hujawahi kunitazama usoni. Ulipokuja kuaga kwenda Ulaya nilikaa nyuma ya mulango, ukaaga ukuta. Nilifurahi, nikasema huyu amelelewa. Leo nimevunja yote. Nitakueleza, uhukumu mwenyewe.

Jana nilikuwa sokoni nikiwahadithia wamama vile nilimufundisha Bertille kulala na mbabula. Najivuna, unajua tena. Floribert, muganga wa dispanseri, alikuwa ananunua ndakala. Akaacha kupima samaki. Akaniuliza kama nyumba ya kule ni ya majani. Nikamwambia ni ya matofali, gorofa, dirisha za vioo. Akaniuliza kama nilimwambia azibe. Nikasema ndiyo, matundu yote.

Ndipo akanikumbusha wale wafanyabiashara wawili wa Uvira, mwaka juzi, waliolala ndani ya kijumba cha chuma cha mashua yao pale bandarini. Mvua ilikuwa inapiga, wakaingiza mbabula, wakafunga. Asubuhi hawakuamka. Muji mzima ulisema ni ulozi, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, hata nilitaja nani aliwaroga. Floribert akaniambia: «Mama Émérence, hakuna aliyewaroga. Makaa yanatoa sumu isiyo na harufu. Nyumba ya majani inapumua, sumu inapita juu. Chuma na kioo havipumui.»

Nilifikiri Marungu baridi yake ni baridi ya dunia yote, kumbe nilikuwa najua nyumba ya majani tu.

Nikakimbia parokia, kwa Grégoire mwenye fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Aliniambia ataongea na Lubumbashi saa kumi, wenzake kule watapeleka telegramu posta. Nikasema iandikwe kwa Bertille. Akauliza anwani. Nikampa ile ya ateliye. Hapo nikaona. Telegramu ya Bertille ikifika kwako, utaiweka mfukoni mpaka Jumamosi, kwa sababu wewe ni mukwe wa adabu. Adabu yenyewe nilikuwa naisifu njo ingemuua mjukuu wangu. Grégoire akasema basi itumwe kwa jina la Papa Édouard, mwanaume kwa mwanaume, haina haya. Lakini Papa yuko Kabalo, na mimi sikutaka kuandika jina la muntu asiyejua. Tena niliwaza, kijana akisoma neno la baba mukwe kuhusu makaa, atasema sawa, nitamwambia Bertille Jumamosi.

Kwa fonie lazima useme kwa sauti, na watu wanasikia toka Moba mpaka Manono. Grégoire alinipa kile cha kushika na kusemea. Nikataja jina lako. Mara tatu, kwa sababu Lubumbashi hawakusikia. Kulikuwa na wamama wa kwaya nje, wakafunga midomo kwa mikono. Wacha wafunge.

Anatole, mimi sitaki msamaha wa hiyo. Nataka uniambie tu kwamba ulifika.

Émérence


Charleroi, tarehe 8 Desemba 1986

Mama mupenzi,

Tulipata telegramu, asante. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mbabula tumeirudisha kwa Mwarabu. Mimi nilikuwa na maumivu ya kichwa kidogo tu na Claire alikuwa na usingizi, lakini sasa tuko wazima kabisa, anaruka kitandani saa hii ninapoandika.

Nikupe habari nzuri. Madame Ghislaine amenikalisha chini sawa mutoto wa shule. Kumbe nilikuwa namuvalisha Claire vibaya. Nilikuwa namutia manto, koti moja nzito, juu ya gauni. Yeye anasema hapana, uvalishe nguo nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, soksi mbili, kofia mpaka masikio, halafu mukiingia ndani uvue upesi asitoke jasho. Na kila siku, hata theluji ianguke, mutoto atoke nje kidogo, avute hewa. Nikamwambia mama yangu amekataza. Akajibu kwamba watoto wa hapa wanafia ndani, si nje. Na kabla ya kulala nifungue dirisha dakika chache, nifunge, ndipo tulale chini ya mafarishi manene. Kijiko cha mafuta ya samaki kila asubuhi. Claire anayatema, lakini nusu inaingia.

Jana tulishuka. Claire alikanyaga theluji, akaniangalia, akaikanyaga tena. Alirudi mashavu mekundu sawa ya watoto wa hapa, na usiku hakukohoa. Usiku mzima, Mama. Mimi njo sikulala, nilikuwa nasikiliza ile kutokohoa.

Tafadhali usikasirike na kutoka nje. Na usijali kuhusu ile siku ya makaa, haikuwa kitu.

Bertille wako


Charleroi, tarehe 9 Desemba 1986

Kwako Mama mukwe,

Nimeandika mwanzo huu nikaufuta mara nyingi. Sijui muntu anamwita vipi yule ambaye hamwiti. Bertille amesema niandike «Mama» tu, na kama ni kosa, atalipa yeye.

Najua Bertille amekuandikia kwamba haikuwa kitu. Alinisomea jana, maana shefu wa ateliye ameniruhusu siku chache nyumbani. Mama, ilikuwa kitu. Anaficha kwa sababu anakuhurumia, naye ana haki. Lakini wewe ulivunja haya yako kwa ajili yetu, na mimi sitakulipa na uongo.

Alhamisi ile tulikuwa chini ya lokomotiva, kichwa cha treni, mikono ina mafuta. Sekretari wa biro alishuka na telegramu, akaniambia imeandikwa lugha asiyoijua. Niliona kwanza jina langu. Halafu nikaona jina lako chini. Nitakuambia ukweli, sikusoma katikati. Kwetu mukwe akikutaja jina, kuna maiti. Hakuna sababu nyingine. Niliwaza Papa Édouard, niliwaza mama yangu mwenyewe, na niliwaza kwamba Bertille hapaswi kusikia hii toka kwa muntu mwingine. Niliacha zana chini. Shefu aliniita, sikugeuka. Nilipanda treni na nguo za kazi.

Ni ndani ya treni njo nilisoma makaa na dirisha. Sikuelewa vizuri, lakini nilianza kukimbia kabla treni haijasimama.

Mulango wetu haukufunguka, kwa sababu mashuka ya Madame yalikuwa yamebanwa chini yake. Nilisukuma na bega. Bertille alikuwa ameketi sakafuni, kichwa ukutani. Aliniambia polepole, sawa amelewa: «Umerudi Jumamosi?» Claire alikuwa kitandani. Nilimuita, hakujibu. Nilimuinua, shingo ikaanguka.

Sikutafuta kitasa cha dirisha. Nilivunja kioo na ile mbabula yenyewe, makaa yakaanguka uani juu ya theluji. Nilimtoa Claire nusu ya mwili nje, kwenye upepo ule ule tulikuwa tunaukimbia. Madame alipanda akipiga kelele juu ya kioo chake, halafu akaona mutoto, akashuka kuita daktari. Claire alivuta pumzi, akatapika juu ya mikono yangu, akalia. Mama, sijasikia kitu kizuri hivyo katika maisha yangu.

Walikaa hospitali siku mbili, wakivuta hewa ya chupa. Daktari alisema ningengoja saa moja zaidi angekuwa na maneno mengine ya kuniambia. Sasa amesikiliza kifua cha Claire, amesema ni safi, kikohozi kilikuwa cha kawaida. Anakula. Anakuulizia.

Nimewaza hivi siku hizi. Kama telegramu ingekuwa ya Papa Édouard, ningesoma vizuri, ningesema asante, ningemaliza lokomotiva yangu. Kilichonitoa pale ni jina langu mdomoni mwako. Bertille analia kwamba ni yeye aliziba. Wewe nadhani unalia kwamba ni wewe ulifundisha. Na mimi njo nilinunua makaa. Basi tumekuwa watatu, tugawane.

Mukwe wako,
Anatole


Kalemie, tarehe 6 Januari 1987

Anatole,

Barua ya Bertille ya mwezi wa kumi na moja, ile ya mbabula na soksi na «siogopi», ilinifikia siku tatu kabla ya Noeli. Zenu mbili za baadaye zimefika leo. Ile katikati sitaandika ilikuwaje. Sikuuza samaki. Kila ndege ikilia juu ya ziwa nilikwenda kusimama biro ya posta, mpaka wakaanza kunifungulia mulango bila kuniuliza. Noeli nilikaa kanisani nyuma, sikuimba. Papa Édouard alirudi toka Kabalo, akanikuta nimekonda, akapika yeye mwenyewe, na unajua kwetu hiyo ni habari ya muji.

Leo nimesoma yako mbele ya Papa. Nilipofika pale uliandika shingo ya Claire ilianguka, nilimpa yeye amalizie. Alisoma mpaka mwisho, akasema tu, «Mutoto yuko.» Nikapiga vigelegele mpaka jirani walikuja na maji wakidhani kuna moto.

Mwambie Bertille nimejua. Usimugombeze kwa kunificha, mimi pia nilimuficha mama yangu mengi. Mwambie Madame Ghislaine namushukuru, na kile kioo Papa anasema atakichongea mbao nzuri ya Marungu kama wanakubali mbao. Mutoto atoke nje. Mimi njo nilikataza, mimi njo naruhusu, na sasa kila atakayeniuliza habari ya baridi nitamwambia aulize mwenye baridi yake.

Sasa habari ya kosa langu. Wazee wa pande zote mbili wameketi. Kaka yako Omer alikuja kwa upande wenu. Kuna aliyesema mukwe aliyetajwa kwa fonie, masikioni mwa watu toka Moba mpaka Manono, hiyo haina dawa. Papa akawasomea barua yako, pale kwenye kioo na theluji. Halafu muzee mukubwa akasema kwamba mudomo uliofunguka kwa kuita uhai haufungwi tena, unapewa chakula. Nimetoa kuku, Omer amekula paja lako kwa niaba yako, mimi nimekula mbele yake bila kujificha, tumecheka. Imekwisha. Ukirudi hutaaga ukuta.

Kwa hiyo sipitii tena kwa Bertille. Bertille anaficha, wewe husemi uongo. Nakuuliza wewe mwenyewe, na unijibu wewe mwenyewe na ndege ya kwanza:

Anatole, Claire amekula nini leo?

Mama yako,
Émérence